Mafuta Yaliyoganda Julai

Kabla sijasimulia ubaya wangu, acha nijisifu kidogo. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mtu wa maabara katika kiwanda cha plaiwudi mjini Nakuru. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uwanja, meza mbili, na sinki ambalo halikuziba hata siku moja kwa sababu nilikataza watu kuoshea vikombe humo. Nilipima gundi, nilipima unyevu wa mbao, na mara moja kila mwezi nilipima mafuta ya boila. Nilikuwa hodari na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na ulimi pia. Mama yangu alizoea kusema kwamba siku Mungu alipokuwa akigawa subira, mimi nilikuwa nimepanga foleni upande wa maneno.

Boila yetu, kusema kweli, haikuwa boila. Boila huchemsha maji, na hii haikuwa na tone la maji ndani yake. Ilikuwa tanuri kubwa la kuchomea mabaki ya mbao, na ndani ya tanuri kulikuwa na bomba lililojikunja mara nyingi, na ndani ya bomba mlikuwa na mafuta. Mafuta yakishika moto wa kutosha, pampu inayasukuma yanavuka uwanja hadi kwenye presi, ile mashine inayokandamiza mbao zilizopakwa gundi mpaka zishikane. Yakifika huko yanaacha joto lao, kisha yanarudi kuchukua jingine. Maji pia yangeweza kazi hiyo, ila hapa kwetu juu maji huchemka hata kabla ya kufika mia, na ukitaka yafike mia mbili ni lazima uyafungie ndani ya chuma kinene kwa nguvu nyingi, na siku yakiamua kutoka yanatoka na paa. Mafuta hufika mia mbili na zaidi yakiwa yametulia tu. Ndugu yangu anayefanya kazi Olkaria alinicheka kila Krismasi kwamba wao wanachota mvuke ardhini, huku sisi tunachemsha mafuta kama wauza mandazi. Nilimjibu kwamba andazi letu moja ni futi nane kwa nne.

Aliyekuwa akiitunza boila hiyo alikuwa mzee mmoja, mtoto wa mtu wa reli, aliyeingia kiwandani akiwa kijana na akabaki humo mpaka mvi zikamkuta. Chombo chake cha kupimia kilikuwa gazeti la jana. Alidondosha tone la mafuta juu yake, akangoja, akalitazama doa. Kama katikati palikuwa peusi, alisema mafuta yameungua na yameanza kuacha masizi ndani ya bomba. Mimi nilichukua sampuli ileile, nikaipeleka kwenye mitambo yangu ya maabara, na baada ya siku tatu nikarudi kumwambia jambo lilelile kwa maneno marefu. Aliniita daktari kwa sababu ya koti langu jeupe, nami sikuwahi kumsahihisha.

Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu, na kitu alichokitaka kilijulikana na kiwanda kizima. Pale kwetu mtu akistaafu hutoka kwa geti la mbele, wenzake wamejipanga mistari miwili, kuna keki, kuna blanketi analofunikwa mabegani, na wanawake wa presi wanaimba. Anayefutwa hutoka kwa geti la nyuma, lile la lori za vumbi la mbao, na hakuna anayemwimbia. Mzee alitaka geti la mbele. Alikwisha kumwambia mke wake avae nguo gani siku hiyo.

Tatizo lilikuwa meneja. Alikuwa kijana wa suti, mwenye digrii mbili, si mtu mbaya hata kidogo, ila alipenda sana kusema tuko katika daraja la kimataifa. Mafuta yetu ya zamani, yale ya kawaida yanayotoka kisimani na kuchujwa, yalikuwa yamechoka. Yalikuwa meusi na mazito, na kila Jumatatu presi ilichelewa kupata joto. Meneja alimtafuta mtu wa kulaumu na akampata aliye karibu. Mbele ya watu wote, kwenye mkutano wa asubuhi, akasema: "Mzee, presi ikisimama Jumatatu moja tena, nitaleta kijana wa diploma hapo kwa boila. Sitaki tuchukiane, lakini hiyo ndio mambo iko." Mzee alijibu, "Sawa boss," akarudi kwa moto wake.

Ikaamuliwa tununue mafuta ya sintetiki. Neno hilo liliwatisha wengi, kwa hiyo nilieleza kwa yeyote aliyesimama karibu nami. Sintetiki maana yake ni kwamba wanakemia wameyajenga wenyewe, chembe zake zote zikiwa za umbo lililokusudiwa, ndiyo maana yanavumilia moto kwa muda mrefu kuliko yale ya kisimani. Niliagizwa nilinganishe aina zinazopatikana. Nililinganisha kwa wiki mbili, na kusema kweli sijawahi kuandika kitu kizuri kama lile jedwali.

Aina ya kwanza ilikuwa mchanganyiko wa vitu viwili unaofika nyuzi mia nne, hakuna mwingine unaoufikia. Una harufu ya jeraniamu, lile ua linalopandwa kwenye makopo verandani. Lakini ukipoa mpaka nyuzi kumi na mbili unaganda. Aina ya pili ilivumilia mia tatu arobaini na haikuganda, ila kwenye baridi ilikuwa nzito kama asali. Ya tatu ilifika mia tatu tu, na ilitiririka hata ungeiweka kwenye friji la mwenye bucha. Ya nne, ya silikoni, haikuwa na harufu wala uzee, ila bei yake ilitosha kununua shamba Kiamunyi, hivyo niliiweka chini kabisa kwa adabu. Presi yetu ilihitaji mia mbili thelathini. Nilipendekeza ya tatu, nikapigia mstari mara mbili.

Siku ya mkutano alikuja muuzaji kutoka Nairobi. Mama wa chai alikuwa matangani. Nilikuwa ndio kwanza nafungua faili langu meneja akasema, "Madam, hebu tusaidie na chai kidogo, mgeni ametoka mbali." Niliinuka. Nilichemsha, nikaweka majani, nikaweka sukari, na nilipokuwa nikirudi na chupa ya chai nilimsikia muuzaji akiuliza swali moja la maana, swali ambalo ningelijibu mimi.

"Boila huwa mnazima?"

"Hatuzimi," meneja akasema. "Sisi ni usiku na mchana, siku saba."

Huo ulikuwa uongo wa mtu anayependa daraja la kimataifa. Kiwanda chetu kilifungwa Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi. Nusu ya wafanyakazi walikuwa Wasabato na hawakugusa kazi Jumamosi, nusu nyingine tulikuwa wa Jumapili, na mwenye kiwanda, aliyechoka kusuluhisha ugomvi wa nani afanye siku ya nani, alifunga siku zote mbili. Moto ulizimwa, pampu ikazimwa, na kila mtu akaenda kumwimbia Mungu wake.

"Tumechukua ile ya mia nne," meneja akaniambia, jedwali langu likiwa chini ya sahani ya biskuti. "Ukinunua gari si unanunua yenye spidi kubwa?"

Nilikuwa na kumi na mbili mdomoni. Ningeitamka tu. Lakini nilikuwa pia na chupa ya chai mkononi, na nilikasirika, nimekasirika kweli, hasira ya mtu aliyepika wiki mbili halafu akaambiwa asukume toroli. Nikamimina chai. Nikasema moyoni, Julai haiko mbali.

Nieleze hiyo Julai kwa asiyeijua. Watu wa mbali hufikiri Nakuru ni jua na flamingo. Asubuhi ya Julai Nakuru hutoa moshi mdomoni. Simu yangu iliniambia nyuzi kumi, tisa, siku nyingine nane, na bomba letu lilivuka uwanja chini ya anga tupu. Tena kipande cha mita kumi hivi kilikuwa uchi, kwa kuwa wezi wa chuma chakavu walikuwa wamebandua bati lake na sufi ya kutunza joto iliyokuwa ndani ikaloa na kuanguka. Nilifanya hesabu zangu. Wikendi moja ya baridi kali, anga bila mawingu, na Jumatatu meneja angekuwa na bomba la mshumaa. Angeniita. Ningekwenda taratibu, ningeweka karatasi mezani na kusema, sijui kama ulipata nafasi ya kuisoma, boss. Niliifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya kioo.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Kila kitu kipya kilipoingia kiwandani kilikuja na karatasi ya sifa zake, kwa Kiingereza. Mzee alisoma Biblia yake vizuri kwa Kiswahili, lakini Kiingereza cha wanakemia kilimshinda, kama kinavyowashinda wengi walio na digrii. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Saa nne, wakati wa chai, nilikwenda chumba cha boila, yeye akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nami nikamsomea karatasi yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Akishaelewa alitia sahihi kwenye kitabu cha makabidhiano, nami nikatia yangu chini yake. Alikuwa akisikiliza akiwa amefumba macho. Aliyoyasikia hakuyasahau, na mara kadhaa alinikumbusha mimi namba niliyomsomea mwaka uliotangulia.

Siku mafuta mapya yalipoletwa nilijua kwamba nikimsomea kuhusu kuganda, atasimama hapohapo na kwenda ofisini, na mchezo wangu umekwisha. Basi nilisoma. Nilisoma rangi, kama maji. Nilisoma harufu. Nilisoma kiwango cha kushika moto, kiwango cha kuchemka, kwamba avae glavu, kwamba asivute mvuke wake. Nilipofika kwenye kuganda nikashusha macho mstari mmoja chini na kuendelea na uzito wake kwa lita. Sauti yangu haikutetereka. Mzee akasema, "Hii ni mafuta ya heshima," akatia sahihi.

Mei ilipita vizuri na Juni ikapita vizuri. Mafuta yalipanda joto upesi, presi haikuchelewa, na meneja alitembea uwanjani akiwa amefunga mikono nyuma kama mwenye shamba. Kitu pekee kilichotokea ni kwamba kiungio kimoja karibu na presi kilivuja kidogo, tone moja baada ya jingine, na harufu ya jeraniamu ikajaa huko. Wanawake wa presi walimshuku mchanganya gundi. Walisema amenunua manukato na kwamba mtu wa umri wake hanunui manukato kwa ajili ya mke wa nyumbani. Alikana kwa siku nne. Siku ya tano mke wake alifika getini kuuliza. Nilikaza kile kiungio mimi mwenyewe, harufu ikaisha, na wanawake wakasema mnaona, ameogopa akaacha.

Nilikuwa na furaha wiki hizo, na hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka. Kila asubuhi niliangalia simu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Kumi na tatu. Kumi na moja, lakini kulikuwa na mawingu. Kisha ikaja Ijumaa moja ya Julai, anga safi kabisa, upepo mkavu ukishuka kutoka kwenye milima, na Jumapili kanisani tulikaa na makoti mpaka mwisho wa ibada.

Jumatatu niliamka mapema. Nilivaa blauzi yangu ya buluu, nikapaka rangi ya midomo ambayo kwa kawaida ilikuwa ya harusi. Nilikuwa na nakala mbili za ile karatasi, na mstari wa kuganda nilikuwa nimeupaka wino wa manjano kwenye zote mbili. Simu ilisema nyuzi nane. Nilitoka Kiamunyi nikiimba.

Nilipofika getini nilisikia pampu. Ilinguruma, ikalia, kisha kikatokea kishindo cha chuma kuvunjika na baada yake kimya. Nilitembea upesi hadi chumba cha boila. Mzee alikuwa amesimama mbele ya swichi, kidole bado kiko kwenye kitufe chekundu, na ni wakati huo, wakati huo tu, ndipo nilipotambua jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelitambua tangu Aprili. Jumatatu asubuhi anayebonyeza kitufe si meneja.

"Daktari," akaniambia, "hii mafuta imekataa kutembea. Valvu zote nimefungua. Bomba ukigonga inalia kama jiwe."

Alikuwa bado hajawasha moto, na hilo lilituokoa sote, maana moto juu ya mafuta yasiyosonga huyaunguza ndani ya bomba. Tulifungua kizibo cha chini kule uwanjani. Hakikutoka kitu. Nilichomeka waya, ukatoka na chembe nyeupe, kama mafuta ya mbuzi kwenye sufuria iliyolala bila kuoshwa. Mzee alichukua kidogo kwa glavu, akakitazama, akakinusa, akanitazama mimi. Nilisema acha nikafanye vipimo. Watu sitini walikuwa wameketi ukutani wakiota jua, kwa sababu presi ilikuwa imesimama, na ilikuwa Jumatatu.

Nilikaa maabara nikingoja kuitwa. Meneja alifika saa mbili. Nilimwona akivuka uwanja, nikamwona akimwashiria mzee kwa kidole, nikawaona wakiingia ofisini. Hakuna aliyeniita. Saa tatu nilijiita mwenyewe.

Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi. Juu ya meza kulikuwa na barua ya kumfuta kazi iliyokwisha kuchapwa, imebaki sahihi. Nilitoa nakala yangu. Ile sentensi ya kioo sikuikumbuka.

"Boss, si makosa ya mzee. Ni mafuta. Soma hapo kwa manjano. Inaganda kwa kumi na mbili na leo asubuhi ilikuwa nane."

Alisoma. Alisoma mara ya pili. Nilingoja uso wake uanguke, na ukaanguka kweli, kwa sekunde tatu hivi. Kisha akavuta droo, akatoa kitabu cha makabidhiano, akafungua Aprili na kukigeuza upande wetu. Maneno yalikuwa mwandiko wangu. Nimesomewa sifa zote za mafuta mapya na nimeelewa. Sahihi ya mzee, na chini yake sahihi yangu.

"Kwa hivyo alikuwa anajua," meneja akasema. "Alijua inaganda, na bado Ijumaa akazima akaenda nyumbani. Hata hakuniuliza. Hii ni mbaya kuliko vile nilikuwa nafikiria." Akamgeukia. "Mzee, hii ulisomewa?"

Mzee aliinama akautazama ule mstari wa manjano, ambao hakuweza kuusoma. Kisha akanitazama mimi, bila lawama yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

"Kama daktari alisoma, basi nilisomewa," akasema. "Huyu husoma yote. Lazima ni mimi nimesahau. Kichwa yangu imezeeka, boss."

Mtu yule hakuwa amesahau namba hata moja kwa miaka yote niliyomjua, na sasa alikuwa anakishtaki kichwa chake mwenyewe kwa sababu hakuweza kunishtaki mimi. Meneja alikwisha kuchukua kalamu.

"Sikusoma," nikasema.

"Hukusoma nini?"

"Huo mstari. Niliuona nikauruka. Makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Nilitaka igande. Nilitaka wewe ndio uaibike, boss. Ile siku ya mkutano nilikuja na kazi ya wiki mbili ukanituma chai."

Meneja alikunja uso, akitafuta kumbukumbu kwa bidii ya kweli.

"Chai gani?" akauliza.

Hakukumbuka. Miezi mitatu nilikuwa nimeibeba ile chupa ya chai kifuani, na mwenyewe hakuwa hata na picha yake. Ningecheka kama mzee hangekuwa amesimama pale. Mzee alivaa kofia yake humohumo ndani ya ofisi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaufungua mlango na kutoka.

Meneja aliichana barua ile. Saa moja baadaye nilipata yangu ya onyo, ambayo ilikuwa ileile ya mzee, wamebadilisha jina na kuweka onyo mahali pa kufutwa. Kwa haraka yao walisahau kubadilisha mengine, kwa hiyo faili langu linasema mpaka leo kwamba nilizembea katika kutunza moto wa boila. Niliitia sahihi bila kubishana.

Kuyayeyusha, na kubadilisha pini ya pampu iliyovunjika, kulituchukua siku nzima. Kuna waliotaka kuweka majiko ya makaa chini ya bomba, nikawazuia, maana kile kilichokuwa kikitoka kwenye kizibo kingeweza kushika moto. Tulitumia maji ya kantini. Watu sitini walipanga foleni na sufuria, mabeseni na birika la chai la kiwanda, wakimwagia magunia tuliyoyafunga kwenye bomba, na meneja naye alivua koti akabeba beseni. Aliniuliza njiani ni nyuzi ngapi bomba linahitaji, nikamwambia, akashukuru. Wanawake wa presi waliimba, kwa kuwa hawawezi kubeba kitu bila kuimba. Mchana jua lilishika, na harufu ya jeraniamu ikaujaza uwanja wote, na mchanganya gundi akapita katikati yao akisema sasa mmeamini. Mzee alifunga magunia upande mmoja wa bomba na mimi upande wa pili. Kila nilipofika karibu naye alikuwa ana jambo la kufanya mbele kidogo.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Kesho yake alinisalimu, "Habari ya asubuhi, madam," na nikajua kwamba udaktari umekwisha. Nilimwendea mara mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza alisema amesamehe, yeye ni Mkristo. Mara ya pili alisema, "Nimeshakuambia, madam," akafungua mlango wa tanuri, na mlango ule ukifunguliwa hakuna anayeweza kusimama pale akaongea. Mtu wangu wa kusemea mambo, yaani dada yangu, aliniambia nimpe muda. Nilimpa. Nilipima mafuta yake kila mwezi, na nilipopeleka majibu aliyapokea kwa mikono miwili, akaniambia asante, akayaweka kwenye rafu bila kuuliza swali.

Septemba mwenye kiwanda alikubali mafuta yabadilishwe. Safari hii jedwali langu lilisomwa lote, mkutanoni, na meneja akauliza maswali mpaka mgeni akachoka. Yakachaguliwa yale ya tatu, yanayotiririka kwenye friji. Siku mapipa yalipoingia nilichukua nakala ya karatasi yake nikajifungia maabara, nikaitafsiri yote kwa kalamu, mstari kwa mstari, hata anwani ya kiwanda kilichoyatengeneza. Niliisoma kwa sauti mara mbili. Nilikusudia kumsomea mzee kitu ambacho hajawahi kusomewa na mtu yeyote, bila kuacha hata nukta.

Saa nne nilivuka uwanja. Mlango wa chumba cha boila ulikuwa wazi, nikasikia sauti ndani. Mzee alikuwa kwenye ndoo yake, macho ameyafumba. Mbele yake, juu ya kreti, aliketi meneja, koti la suti limetundikwa kwenye usukani wa valvu, karatasi ya sifa mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa akisoma. Kiswahili chake cha mambo hayo kilikuwa cha kuhurumiwa. Kila neno alilishika, akaligeuza, akaliweka chini, akalichukua tena. Alikuwa amefika kwenye kile kiwango cha baridi ambacho mafuta bado yanatiririka, na alikitafsiri kuwa mahali pa kumwagia.

Sikuweza kuvumilia. "Sio mahali pa kumwagia," nikasema kutoka mlangoni. "Hapo inasema ukifikisha baridi kiasi hicho, mafuta bado yanatembea. Boss, nipe nimsomee."

Meneja akainua uso, amefurahi kuokolewa, akaninyooshea karatasi. Mzee hakufumbua macho. Aliinua mkono mmoja tu, taratibu, kama anayezuia mlango usifungwe na upepo.

"Wacha boss asome," akasema. "Anasoma vibaya, lakini haruki."

Meneja akarudisha karatasi magotini, akatafuta mstari wake kwa kidole. Nilisimama pale mlangoni na tafsiri yangu mkononi mpaka wakamaliza ukurasa wa pili.